Mafuta Yasiyoganda

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kumtembelea mama mikono mitupu. Kila akija Gatwekera alibeba mfuko wa nailoni wenye sukari, majani chai na mkebe wa kilo moja wa mafuta ya kupikia, yale meupe ya kuganda. Miaka hiyo ya tisini, pale Kibera, mtu aliyekuja na kilo ya mafuta ndiye aliyeitwa mgeni. Aliyekuja na mkate peke yake alipewa chai na kuulizwa anarudi saa ngapi. Mama aliupokea mkebe kwa mikono miwili na kuupandisha juu ya kabati la vyombo, mahali pa kuonekana na kila aingiaye. Hata mafuta yakiisha, mkebe wenyewe ulioshwa, ukapanguswa, ukatiwa chumvi au vifungo vya nguo na kurudishwa palepale.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi ndiye niliyekuja kuupiga marufuku ule mkebe, na nilifanya hivyo kwa kelele nyingi na akili nusu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mdomo wangu hauna breki. Mama alizoea kusema kwamba siku niliyozaliwa nililia kwa kulalamika, si kwa kulia. Sikatai.

Mama alikuwa akikaanga mgongo wazi. Kwa asiyejua, hicho ni kichwa cha samaki na mifupa yake inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na ukikikaanga vizuri mtu hula mpaka vidole. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia ya kuteremkia Gatwekera kutoka relini: mawe matatu, moto, karai kubwa jeusi, na yeye mwenyewe kwenye kigoda kifupi kiasi kwamba magoti yalimfikia karibu na kidevu. Alikaa hivyo zaidi ya miaka kumi. Baba alikuwa amefariki zamani, sisi watoto tulikuwa tumekua na kuondoka, na watu wote wa ile njia, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Samaki.

Kwanza yalikuja magoti. Asubuhi yalikuwa mazito, akasema ni baridi. Kisha vidole vikavimba kwenye vifundo, akasema ni maji ya kuosha samaki. Halafu Julai moja, Nairobi ikiwa imejifunika ukungu kama kawaida yake, kaka yangu akaja na mkebe wake na kumkuta mama akivutwa kutoka kwenye kigoda na wateja wawili, mmoja kila mkono. Nilikuwepo, Jumapili ile nilikuwa nimekuja kumwona. Kaka aliuweka mfuko chini polepole, nikajua kuna maneno.

"Mama," akasema, "umechoka. Krismasi tukienda ocha, utabaki huko. Nimeamua."

"Umeamua na nani?"

"Nimeamua tu. Nyumba iko, shamba liko, upumzike."

Mama alimtazama juu mpaka chini. Ocha, yaani nyumbani kwetu kule ziwani, kulikuwa na nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu na kimya. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba kule yeye ni mjane wa fulani, anapelekewa salamu na uji. Kibera alikuwa mtu anayegombana na wauza kuni, anayeimba sauti ya pili kanisani Kianda, anayejua nani ameachwa na nani anarudiwa. Kumtoa pale ilikuwa ni kumzika akiwa anapumua. Mimi nililijua hilo. Kaka yangu, ambaye alikaa Eastlands na kuendesha dawati ofisini, alidhani anampa zawadi nyingine.

"Sikiza, baba," mama akamwambia, maana ndivyo alivyomwita akiwa na hasira ya adabu. "Ukija Disemba, unikute nimekaa hapa kwa hiki kigoda. Nikishindwa kusimama mwenyewe bila mtu kunishika, nitafunga virago nikufuate. Nikisimama, hiyo maneno ya ocha usiniletee tena."

Kaka akasema sawa. Alikuwa amekwisha kuyaona magoti, kwa hiyo alikubali upesi.

Basi mimi nikarudi Kawangware moto ukiniwaka. Nilikuwa nimepanga chumba kule, na kazi yangu ilikuwa kufagia na kupiga deki kwenye zahanati ndogo. Zahanati hiyo ilikuwa na nesi mmoja, mama wa makamo kutoka Machakos, ambaye sote tulimwita Sista. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya upole na maneno ya pilipili. Jumatatu asubuhi nilimfuata kwenye korido na mopu yangu mkononi, nikamweleza magoti, vidole, kigoda, kaka, Disemba, yote kwa pumzi moja.

"Anapika na nini?" akaniuliza.

"Mafuta ya mkebe. Ya kuganda."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kaka huleta."

"Basi aanzie hapo. Viungo vikishavimba, hayo mafuta ya kuganda hayavisaidii, yanaweza hata kuvichochea. Ayapunguze sana. Apikie ya maji, na kidogo tu. Na pia..."

Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshachovya mopu kwenye ndoo na akili yangu imeshafika Gatwekera. Nilisikia "na pia" nyuma yangu na sikugeuka. Nilishapata nilichotaka: adui alikuwa na jina, na alikaa kwenye mkebe wa kaka yangu.

Jioni ileile nilitembea mpaka kwa mama. Kutoka Kawangware unapita Corner, unavuka barabara ya Ngong, unakata Jamhuri, unaingia Kianda, kisha unateremka. Nilifika nikihema na kuushusha ule mkebe kutoka juu ya kabati.

"Hii ndiyo inakuua," nikasema.

"Ala! Zawadi ya mwanangu?"

"Mama, sista amesema. Mafuta yanayoganda yanaganda mpaka kwa magoti." Hili la kuganda kwa magoti Sista hakulisema. Nililiongeza mwenyewe njiani, karibu na Jamhuri, na lilinipendeza sana.

Lilimpendeza mama pia, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Yeye alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo. Akaniuliza, tutajuaje mafuta gani yanaganda na gani hayagandi, wakati yale ya kupimiwa dukani huyajui yametoka wapi na mwenye duka anachanganya apendavyo? Kabla sijajibu alishapata jibu lake. Julai ilikuwa na baridi ya kukata masikio, na juu yetu kulikuwa na bati. Alichukua kijiko, akatia mafuta ya mkebe. Kijiko cha pili akatia mafuta ya maji, yale watu wa Nairobi huyaita salad. Akaniambia niviweke juu ya paa, nitie mawe kando visiteleze, na niondoke zangu.

Niliporudi Jumamosi asubuhi nilikuta mambo yamekuwa makubwa. Habari ilikuwa imezunguka ploti nzima, vyumba vyote vya ua wetu. Jirani wa kushoto, mama wa kutoka Kitui, alikuwa ametoa kijiko chake. Jirani wa kulia alikuwa ametoa viwili. Mwanamke mmoja wa Makina aliyekuwa mteja wa mama alikuwa ameleta samli ya nyumbani kwao kwenye kifuniko cha chupa. Paa zetu zilikuwa zimejaa vijiko vyenye mafuta vinavyong'aa kwenye ukungu, na wanawake wamesimama chini na leso zao mabegani, wakingoja matokeo.

"Hii imeganda!" mmoja akapiga kelele. "Yawa, imeganda kama sabuni!"

"Hiyo usile tena."

"Na hii?"

"Imeganda nusu."

"Basi kula nusu."

Samli ya mama wa Makina iliganda. Alikasirika, akasema bibi yake aliila miaka tisini na kufa akiwa anatembea, na kwamba bati letu halina adabu. Akachukua kifuniko chake akaenda zake, na kwa wiki mbili hakununua samaki. Mama alisikitika kidogo, lakini sayansi ilikuwa imemshika. Na pale mwisho wa paa, kwenye kijiko cha mbao, kulikuwa na mafuta meusi ambayo hayakuganda hata chembe. Yaliyumbayumba tu nilipokigusa kijiko.

"Haya ni ya wapi?" nikauliza.

Mama akatabasamu kwa fahari. "Ya karai."

Inabidi nieleze kuhusu mafuta ya karai. Waliokaanga samaki kwenye ile njia hawakumwaga mafuta. Kumwaga mafuta ilikuwa kazi ya mtu asiyejua kazi. Uliyachuja kwa kitambaa, ukayarudisha kwenye debe, kesho ukayatia tena karaini na kuongeza kidogo mapya juu. Walisema mafuta mapya hayana mkono, samaki hutoka mweupe na wa kinyonge. Yale ya zamani ndiyo yaliyotoa rangi na harufu iliyowafanya wanaume watoke relini wakifuata pua. Mwanamke aliyemfundisha mama kazi, mmoja wa kwanza kukaanga pale, alimpa kibakuli kimoja cha mafuta yake siku mama alipofungua kibanda, aanzie hapo. Yule mwanamke alikuwa amekufa. Mafuta yake, kwa hesabu ya mama, yalikuwa bado hai ndani ya debe, maana hayakuwahi kuisha wala kukatika.

"Unaona?" akaniambia. "Miaka yote hiyo na hayagandi. Haya ndiyo dawa, nyathina." Nyathina, mwanangu, ni neno alilolitumia akiwa na furaha nami. Sikulisikia mara nyingi, kwa hiyo nilifurahi na kunyamaza. Na ukweli ni kwamba kwa kanuni niliyoleta mwenyewe alikuwa amenishinda. Kilichoganda kibaya, kisichoganda kizuri. Ningepinga nini?

Basi mama akaanza kupikia mafuta ya karai nyumbani. Sukuma wiki, mafuta ya karai. Mayai, mafuta ya karai. Zamani yale mafuta yalikuwa ya biashara, na nyumbani alitumia ya mkebe kwa kijiko. Sasa alimimina kwa upawa. Alikuwa amemwona fundi akitia mafuta kwenye bawaba za mlango wa kanisa mpaka zikaacha kulia, akasema goti nalo ni bawaba. Kuna asubuhi alikunywa kijiko kimoja hivihivi, akakunja uso, akashushia chai. Mimi, Mungu anisamehe, nilimsifu kwa kufuata masharti.

Agosti ikapita. Nilikuwa nikimuuliza kila Jumapili, na yeye alikuwa akijibu, "Inafanya kazi polepole." Septemba nilifika mchana nikamkuta ameshika mwiko kwa mikono miwili ili kugeuza kichwa kimoja cha samaki. Vidole havikukunjika. Magoti yalikuwa yamevimba mpaka sketi ilionekana kama ameficha maembe. Wateja sasa walikuwa watatu wa kumvuta, wawili mikono na mmoja nyuma, na alikuwa ameacha kufanya mzaha kuhusu jambo hilo.

Niliwaka. Nilimkaripia kwamba anakula mafuta ya mkebe kwa siri. Nikafungua kabati, nikanusa masufuria, nikamwita mwongo, mama yangu mzazi, mbele ya mteja. Alitazama mikono yake tu, akasema kwa sauti ndogo, "Disemba si mbali." Hapo hasira ikanitoka yote na nikaona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka najikuna shingo.

Kesho yake nilimpeleka zahanati. Alivaa gauni la kanisani na kubeba kikapu. Sista alimpokea vizuri, akampapasa magoti, akakunja kidole kimoja kimoja, akamuuliza asubuhi anachukua muda gani kabla viungo havijalegea. Kisha akauliza, "Na chakula? Binti yako alikwambia nilichosema?"

"Nimefuata yote," mama akasema. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa chupa ya soda iliyojaa mafuta meusi, iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. "Natumia haya peke yake. Hayagandi. Tumeyapima kwa bati."

Sista aliizibua chupa. Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma na kuvua miwani.

"Woi! Mama, haya umeyakaangia mara ngapi?"

"Tangu nianze kazi."

"Umeanza lini?"

Mama akamwambia. Sista akaketi. Kisha akacheka, si kwa dharau, akacheka mpaka akajifuta machozi, na mama akaanza kucheka pia bila kujua anacheka nini. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mopu, na nilishaanza kuelewa.

"Sikiliza, mama yangu," Sista akasema. "Mafuta ukiyachemsha leo na kesho na kesho kutwa yanaharibika. Yanakuwa kitu kingine. Ukila hiyo kila siku, mwili unawaka ndani, na penye uvimbe panazidi kuvimba. Yale ya mkebe nilikuwa nataka uyapunguze. Haya nilitaka usiyaguse kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya pili ya maneno yangu." Akanigeukia. "Lakini kuna mtu hapa hana muda wa sehemu ya pili."

Kumbe ile ndiyo ilikuwa "na pia" yangu. Niliangalia mopu.

Alimwambia mengine pia, na safari hii nilisikiliza kila neno. Alisema mafuta hayakuuleta ugonjwa na hayatauondoa, na mtu akikuuzia mafuta ya kuponya viungo, mkimbie. Ugonjwa wenyewe atautibu kwa vidonge na kuja kuonekana. "Lakini kama nyumba inawaka, kwa nini uongeze kuni?" Alimwambia kwamba mafuta yaliyo ndani ya samaki mwenyewe, ya omena na wenzake, ndiyo watu wa viungo wanayasifu, ila achemshe badala ya kumzamisha karaini. Mama akamwambia, "Sista, mimi nimetoka ziwani. Wewe wa Machakos utanifundisha samaki?" Sista akajibu, "Nakufundisha kumpika bila kumuua mara ya pili." Wakapendana hapohapo. Mwisho akasema kile kigoda ni kibaya kuliko mafuta yote, apandishe moto juu na afanye kazi akiwa wima au kwenye kiti kirefu, na atembee kila siku hata kama ni kidogo.

Vidonge mama alivikubali. Kuacha kigoda alikubali. Kumwaga mafuta alikataa katakata.

"Ya nyumbani nitaacha," akaniambia tukirudi. "Ya karai siachi."

"Mama, utakuwa unawalisha watu kitu ambacho wewe umekatazwa?"

Tulipofika kibandani alisimama mbele ya debe, akaliwekea mkono juu kama anavyoshikwa mtoto kichwani.

"Alinipa kwa kibakuli cha udongo," akasema. "Nilikuwa sina kitu. Aliniambia, haya yakikuzoea hutalala njaa. Na sikulala njaa. Nyinyi pia hamkulala." Akalia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia, na nilichoweza kufanya ni kusimama karibu naye tu. Baada ya muda akapangusa uso kwa leso, akamwita mwanaume mmoja wa mkokoteni aliyekuwa anapita, mteja wake wa siku nyingi.

"Magurudumu yako yanalia," akamwambia.

"Sana, Mama Samaki. Hata wewe umeyasikia?"

"Chukua hili debe. Upake. Lakini debe lenyewe unirudishie."

Yule bwana hakuamini bahati yake. Mpaka karibu na Krismasi mikokoteni ya ile njia ilikuwa ikipita kimyakimya, inanukia samaki, na paka wanaifuata.

Tulimtafuta fundi wa mabati akatutengenezea stendi ya jiko kutoka kwenye pipa kuukuu, ya kimo cha kiuno. Mama akaanza kukaanga akiwa amesimama, kwa mafuta mapya ya maji, na yakikaangiwa siku mbili tatu yanakwenda mikokoteni. Wateja walilalamika. Walisema samaki amepoa, amekuwa wa hospitali. Wengine waliondoka, wakaenda kwa jirani mwenye mafuta yenye mkono. Mama alizidisha limau na pilipili, akazidisha maneno, na nusu yao wakarudi kwa sababu ya maneno. Nyumbani alichemsha omena na nyanya, akala akinung'unika kwamba hata paka angeomba mafuta. Kila jioni alitembea mpaka Kianda na kurudi, kwanza kwa fimbo, baadaye akiitumia fimbo kuonyesha watu vitu.

Sitasema alipona. Vidole vyake vilibaki vimepinda mpaka mwisho. Lakini Oktoba alishika mwiko kwa mkono mmoja, na Novemba uvimbe wa magoti ulishuka hata yeye mwenyewe akawa anayapapasa kama ya mtu mwingine. Ilikuwa vidonge? Ilikuwa stendi, omena, kutembea, yale mafuta kuondoka? Sista mwenyewe hakujua, na alinikataza kusema ninajua.

Kaka alikuja Jumapili moja ya Disemba, saa nane mchana, na mfuko wake wa nailoni. Nilikuwa nimekuja tangu asubuhi, sikutaka kukosa. Mama alikuwa wima kwenye stendi. Kaka akamtazama, akatazama stendi, akatabasamu.

"Lakini umesimama tayari," akasema. "Hiyo si mapatano."

"Mapatano ninayajua," mama akasema.

Akakivuta kile kigoda. Tulikuwa tumekiacha kibandani kwa ajili ya wateja. Hakuwa amekikalia tangu Septemba, na mimi nilitaka kupiga kelele asikikalie. Alishuka taratibu, akafika, magoti yakapanda kidevuni kama zamani. Akatulia hapo kidogo. Akaweka mikono mapajani, akainama mbele, akajisukuma. Goti likalia, sote tukalisikia. Akarudi chini.

Kaka alitoa mkono nusu, akaurudisha. Mimi niliuma leso yangu.

Mara ya pili alichukua muda. Alisogeza miguu nyuma kidogo, jinsi Sista alivyomwonyesha, akavuta pumzi na kuinuka. Alifika nusu, akakwama, uso ukabadilika, akaendelea. Akanyooka. Akasimama pale akihema, mikono kiunoni, na wauza kuni upande wa pili wakapiga makofi, maana kumbe njia nzima ilikuwa inajua.

"Ocha nitakwenda Krismasi," mama akasema, "na Januari nitarudi. Sasa keti ule."

Kaka yangu akakubali kushindwa kiungwana. Akakaa kwenye kigoda, kiti kingine hakikuwepo, akapewa samaki na ugali. Alikula, akasema samaki amebadilika lakini si mbaya, akaomba kipande cha pili. Alizungumza habari za ofisi. Mkewe naye alikuwa anapika kwa mafuta ya mkebe, ya ndoo hata, na tumbo la kaka lilikuwa limeshafika mbali. Mwishowe akatazama saa, akasema anakwenda.

Hakwenda. Aliegemea mbele, akarudi. Akashika nguzo ya kibanda, nguzo ikayumba, akaiacha. Nilidhani anacheza, nikaanza kumcheka. Kisha nikaona anavyolishika goti la kulia kwa mikono miwili, na uso wake ulivyo.

"Limeanza lini?" mama akamuuliza.

"Kitambo," akasema bila kututazama. "Kabla ya Julai. Asubuhi hata viatu navalishwa."

Kabla ya Julai. Kumbe alipokuja kumwambia mama amechoka, alikuwa anajua kutoka ndani anachokisema, na alikuwa na hofu, na hakumwambia mtu. Kicheko kikanikauka.

Mama alisogea mbele yake. Akapangusa mkono kwenye leso, akamnyooshea, vidole vikiwa vilevile vimepinda. Kaka akaushika. Mama akakita miguu yake, akamvuta mwanawe, mtu mzima wa kilo zile zote, mpaka akasimama. Hakumwachia upesi.

"Huyu mpeleke kwa sista wako kesho," akaniambia. "Na safari hii umngoje amalize."